Kitufe cha Jua

Mashine ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Semboja. Miaka yote ya upelelezi alikuwa amezoea vielelezo vyenye sura ya hatia: panga lenye kutu, nondo iliyopinda, chupa iliyobakiwa na harufu. Hii ilisimama katikati ya chumba cha upasuaji, nyeupe tupu, mkono wake mrefu umeinamia kitanda, na ubavuni imebeba kioo kipana kama cha televisheni. Haikuwa na sura ya kitu kilichompofusha mtu.

“Mzee, viatu,” alinong’ona Konstebo Afisa kutoka mlangoni.

Semboja akarudi, akavua buti, akavaa ndala za plastiki zilizopangwa kizingitini. Kwa alivyozihisi, zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Afisa, dereva wake, alikuwa ameshavaa zake na anatabasamu. Wazazi wake huko Handeni walimpa jina hilo kubwa, na jeshi la polisi likaona linatosha, halikumwongezea cheo.

Kliniki hiyo ya macho ilikuwa pembeni mwa mji wa Korogwe, katika jengo lililokuwa ghala la ushirika kabla halijauzwa. Serikali iliporuhusu hospitali za watu binafsi, Daktari Eliasi Yordani aliacha kazi mkoani, akalinunua, akalipaka rangi ya bluu, akaleta mashine ambayo hata Dar es Salaam wengi waliisikia tu. Wagonjwa wakaanza kumiminika. Halafu ikaja Jumanne. Bibi mmoja wa Kimaasai, Naishorua, alilala pale kitandani atolewe mtoto wa jicho, akainuka na jicho lililochanwa. Daktari akaandikisha polisi kwamba nesi wake, Rukaya Isihaka, alizima mashine kwa makusudi wakati kisu kimo jichoni.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Rukaya alikuwa mahabusu. Jumatatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kujeruhi makusudi, isipokuwa kama Semboja angepata neno jingine la kuweka kwenye jalada. Mkuu wake wa upelelezi hakuhitaji neno jingine. Alitaka jalada lifungwe.

“Nieleze tena, daktari,” alisema Semboja. “Mashine hii huchungulii kwenye tundu?”

“Hapana.” Daktari Yordani alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi vizuri, na alipoizungumzia mashine yake sauti ililainika. “Hadubini za zamani unainama, unabana macho kwenye lenzi mpaka shingo inakufa ganzi. Hii ina kamera. Jicho la mgonjwa linatokea pale kwenye kioo, kubwa kuliko sahani. Mikono inafanya kazi hapa, mimi natazama pale.”

“Mikono yako huioni?”

“Naiona kwenye kioo.”

Semboja akalipenda jambo hilo. Tangu utotoni hakuna redio iliyopita mikononi mwake bila kufunguliwa, na zipo ambazo hazikuimba tena. Akaisogelea mashine. “Na hivi vitufe?”

“Vya nesi. Mimi nina glavu safi, sigusi kitu. Nasema, yeye anabonyeza.”

Vilikuwa sita, vimepangwa kwenye kibao kidogo, na havikuwa na hata herufi moja. Picha tupu.

“Ndio uzuri wake,” alisema daktari. “Waliotengeneza walitaka iuzwe dunia nzima bila kutafsiri chochote. Picha haihitaji shule. Hata mtoto anaweza.”

Semboja akatoa paketi ya sigara, akazichora nyuma yake kwa uangalifu: kioo cha kukuzia chenye alama ya kujumlisha, kingine chenye alama ya kutoa, mshale wa juu, mshale wa chini, mwezi mwandamo, na pembeni ya mwezi jua dogo la miale sita, kila mwale una vijitawi kama unyoya. Alijisifu moyoni kwamba mkono wake bado ulikuwa mzuri.

Alipopitisha kidole juu ya kibao, kidole kikanata. Akarudia. Kilinata karibu na mwezi, na kilinata karibu na jua. Sehemu nyingine zilikuwa laini.

“Hapa palibandikwa nini?”

“Sijui. Watu wa usafi hao.” Jibu lilikuja haraka mno.

“Afisa, chomoa waya ukutani.”

Afisa akachomoa. Taa iliyokuwa ikimulika kitanda na kioo kilichokuwa ubavuni vikafa pamoja.

“Ndivyo alivyofanya,” alisema daktari. “Kisu changu kimo ndani, kioo kikazima.”

“Kikawa cheusi, kama sasa?”

Daktari akasita. “Picha ilikatika.”

“Nimeuliza kama kilikuwa cheusi.”

“Inspekta, mtu ana kisu ndani ya jicho la mtu mwingine, nawe unataka akumbuke rangi? Muulize mlinzi wangu. Wiki iliyopita alimsikia huyo Rukaya ananipigia kelele ofisini. ‘Mashine hiyo itakuumbua mbele ya watu.’ Hayo ndiyo maneno yake. Si yangu.”

* * *

“Niliyasema,” alikiri Rukaya.

Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kitenge kimefungwa vizuri, macho yamevimba. Alikuwa na umri wa binti mkubwa wa Semboja, na alikuwa amemwamkia, “Shikamoo, afande,” kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, jambo lililomfanya Semboja ajione mkatili bila sababu.

“Kwa nini uliyasema?”

“Mimi ni nesi wa wodini. Ile mashine alifundishwa dada Swaumu peke yake. Mama yake alipofariki, dada Swaumu akaenda Magoma kwenye msiba, daktari akaniambia niingie mimi. Nikamwomba nifundishwe kwanza. Akasema ni picha tu, hata mtoto anaweza. Nikapandisha hasira.”

“Kisha Jumanne ukaingia kwa mara ya kwanza.”

“Ningekataa ningekula wapi, afande?”

Semboja akamwomba aeleze siku ile, polepole, bila kuruka kitu.

“Bibi alilalamika kwamba mwanga unamuumiza. Daktari akasema punguza. Nikabonyeza mwezi, mwanga ukapungua. Akaanza kazi. Kisu kilipogusa jicho akasema ongeza mwanga. Nikabonyeza jua. Nikamwambia, nimeongeza. Akaendelea. Halafu akapiga kelele, ongeza, ongeza! Nikabonyeza tena jua. Nikaona damu kwenye kioo, nikasikia bibi analia. Daktari akaniambia, umezima! Lakini sikuzima, afande. Waya sikuugusa. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, mkono wangu mmoja umeshika mkono wa bibi.”

Semboja akatazama paketi yake ya sigara. Mwezi unapunguza, jua linaongeza. Hakuona kasoro.

“Kitu kimoja kinanitia mashaka,” alisema. “Kama uliongeza mwanga, kwa nini daktari aliomba uongezwe tena?”

“Sijui,” alisema Rukaya. “Hilo ndilo ninalojiuliza kila nikilala.”

* * *

Jumamosi walishika njia ya Handeni, Afisa akiimba na Land Rover ikimwitikia kwa kila nati. Kadiri walivyoiacha milima nyuma nchi ilizidi kukauka, na Afisa alizidi kuchangamka. “Sasa tumefika kwa watu,” alisema. “Huko kwenu Dindira mtu anaoga mara moja kwa msimu kwa kuogopa baridi.”

“Endesha gari, Afisa.”

Boma la kina Naishorua lilikuwa mbali na barabara, ng’ombe wamekwisha kutoka. Bibi alikaa kwenye ngozi kivulini mwa nyumba, bandeji nyeupe juu ya jicho la kulia. La kushoto lilikuwa na ukungu wake wa zamani, likisubiri zamu ambayo sasa hakuna aliyethubutu kuitaja. Mwanawe Kimaren alisimama kando yake, na hakuficha kwamba amekasirika.

“Takwenya, koko,” alisalimia Semboja. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya Kimaasai.

“Iko,” aliitikia bibi, akageuzia uso mahali sauti ilikotoka.

“Mmemkamata mtu,” alisema Kimaren. “Mnataka nini tena kwake?”

“Nataka kujua tumemkamata nani. Mama yako hakuwa amelala usingizi, sivyo?”

“Walimchoma sindano ya ganzi jichoni tu. Masikio yalikuwa yake.”

“Basi muulize alisikia nini.”

Bibi aliongea kwa muda, mkono ukipanda na kushuka. Kimaren akatafsiri kwa uaminifu, kwani hata yeye alikuwa ameanza kusikiliza. Mama yake alisikia daktari akisema mwanga, na yule binti akijibu. Kisha kimya. Kisha kitu kilimsukuma jicho, kikasukuma, kikasukuma, mpaka ganzi ikashindwa.

“Na mwanga wenyewe? Jicho lile lilikuwa chini ya taa. Muulize taa ilizimika wakati gani.”

Naishorua alielewa kabla ya tafsiri. Alitikisa kichwa na kujibu mwenyewe kwa Kiswahili, neno moja moja. “Taa haikuzimika.”

“Una hakika, bibi?”

“Ilikuwa kali. Nikalia. Ikawa ndogo. Ikakaa ndogo, ndogo hivyo hivyo, mpaka nikaumia.”

“Haikuongezeka hata kidogo? Binti alisema ameongeza.”

“Alisema. Haikuongezeka.” Akaongeza jambo kwa Kimaasai, na Kimaren akasita kabla hajalitoa. “Anasema ule mkono uliomshika ulikuwa unatetemeka kuliko wake. Anasema mtu anayetaka kukuumiza hatetemeki hivyo.”

Ndani ya gari Semboja aliyapanga maneno ya wote watatu. Daktari alidai mwanga ulizimwa. Nesi alidai mwanga uliongezwa. Mwenye jicho, mtu pekee aliyekuwa chini ya ile taa, alisema haukufanya hivi wala vile. Ukichomoa waya, taa na kioo vinakufa pamoja. Hilo alilishuhudia mwenyewe. Kwa hiyo daktari alisema uongo, au alikosea. Na Rukaya naye alisema uongo, au alikosea. Afisa alipendelea daktari awe ndiye mwongo, kwa kuwa hakulipenda lile shati.

“Watu wawili wakikosea kwa wakati mmoja kuhusu kitu kimoja,” alisema Semboja, “nianze kukishuku hicho kitu.”

“Mashine haina kesi, mzee. Utaitia pingu wapi?”

* * *

Mtu wa kiwanda cha mashine, waliyempigia simu Dar es Salaam jana yake, alishuka Segera mchana huohuo, kwenye basi la Arusha. Aliitwa Rehani, kijana mwenye miwani na mkoba wa ngozi, na yeye ndiye aliyechora kile kibao cha vitufe. Alisomea Ulaya ya kaskazini, akaajiriwa na kiwanda cha huko, na kilipotafuta mahali pa kuijaribu mashine yake ya kwanza alijivunia kuileta kwao Tanga. Kwenye makutano yale wachuuzi walimzunguka na machungwa na korosho kana kwamba ni mgeni wa taifa. Semboja akamwokoa, akamketisha kwenye benchi la mama mmoja muuza chai.

“Nisaidie kitu kimoja,” alisema. “Nesi anabonyeza jua, na mwanga hauongezeki. Mashine yako inaweza kufanya hivyo?”

“Anabonyeza nini?”

“Jua.”

Rehani akatabasamu kwa adabu. “Mashine yangu haina jua, Inspekta.”

Semboja akaweka paketi ya sigara mezani na kuigonga kwa kidole. Rehani akainama, akaitazama michoro, akavutiwa. “Umechora vizuri. Huu mwezi unapunguza mwanga, ukiubonyeza tena unarudisha. Hili si jua. Ni theluji.”

“Ni nini?”

“Theluji. Ukiitazama chembe moja kwa karibu iko hivi, pembe sita, zina vijitawi. Kazi yake ni kugandisha picha. Daktari akitaka kuhifadhi picha ya jicho, nesi anabonyeza, picha inasimama pale kwenye kioo. Akibonyeza tena, inaendelea.”

“Inasimama,” alirudia Semboja.

“Kabisa.”

“Na taa?”

“Taa haiguswi. Inabaki ilivyokuwa.”

Semboja akayakumbuka maneno ya Naishorua: “Ikakaa ndogo, ndogo hivyo hivyo, mpaka nikaumia.” Aliichukua paketi na kumgeukia mama wa chai.

“Mama, samahani. Hii ni picha ya nini?”

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akasogea. “Si jua hilo?” Akainamisha kichwa. “Au nyumba ya buibui.”

Kondakta mmoja aliyekuwa akila chapati alisema nyota. Muuza machungwa alisema jua. Mmaasai aliyepanga dawa za miti shamba kwenye turubai aliishika paketi mbali na uso, akaisogeza karibu, akasema jua, kisha akauliza kama sigara zimo. Askari wa usalama barabarani alisema ua la alizeti na akapiga saluti. Afisa alisema jua. Hakuna aliyesema theluji. Mama wa chai alipoambiwa jibu aliwatazama wote wawili kwa huruma.

“Theluji ya Kilimanjaro?” aliuliza. “Ile si ni nyeupe tu kama imemwagiwa unga? Ina miguu tangu lini?”

“Mimi nimezaliwa Dindira,” alisema Semboja akirudi kwenye benchi. “Mvua ya mawe nimeiona ikichana migomba. Ni ya duara. Hiki chako sijawahi kukiona maishani, na umekiweka jirani na mwezi. Kando ya mwezi wewe ungetegemea kukuta nini?”

Rehani alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. “Tuliijaribu picha hii kwa watu wengi. Hakuna aliyekosea.”

“Mliijaribia wapi?”

Rehani akairudisha miwani usoni. “Huko huko kiwandani.”

“Nesi Swaumu ulimfundisha wewe. Alipokiona kitufe hiki alikiitaje?”

Basi la Tanga lilipiga honi, wachuuzi wakakimbia. Rehani alingoja mpaka kelele zikapungua. “Aliita jua.”

“Nawe ukafanya nini?”

“Nilicheka. Nikamweleza. Akabandika plasta mbili, moja kwenye mwezi, moja kwenye theluji, akaandika kwa kalamu kila kimoja kinafanya nini.”

“Kiwandani uliwaambia?”

“Niliona ni mtu mmoja tu, Inspekta.”

“Plasta hazipo tena,” alisema Semboja. “Gundi ndiyo iliyobaki.”

* * *

Jumapili, Daktari Yordani alipotoka kanisani alimkuta Inspekta kwenye chumba chake cha upasuaji, amevaa ndala zilezile. Rehani alisimama ukutani. Juu ya kitanda, ndani ya bakuli, palikuwa na jicho la mbuzi ambalo Afisa alilipata buchani kwa maneno matamu.

“Nini hii?”

“Onyesho dogo. Ulinieleza kwa mdomo, nataka unieleze kwa mikono. Afisa atakuwa nesi. Hajui chochote kuhusu mashine. Nimemwambia tu afanye utakachosema.”

Daktari alitaka kukataa. Kisha alimtazama Rehani, akamtazama Inspekta, akaona kwamba kukataa kungekuwa maelezo tosha. Akanawa, akavaa glavu, akashika kisu. Jicho la mbuzi likatokea kwenye kioo, kubwa, la manjano, na ncha ya kisu ikaingia pembeni mwa picha.

“Punguza mwanga,” alisema.

Afisa akabonyeza mwezi. Mwanga ukafifia.

“Sasa weka kisu kama siku ile,” alisema Semboja.

Ncha ikagusa jicho, ikatulia. “Ongeza mwanga.”

Kidole kinene cha Afisa kilizunguka juu ya kibao kwa nukta moja tu. Kisha, bila wasiwasi, kikabonyeza jirani ya mwezi. “Tayari, daktari.”

Hakuna kilichobadilika kwenye kioo. Jicho lilikuwa pale, kisu kilikuwa pale, safi, vimetulia. Daktari macho yake yalikuwa kiooni kama yalivyofundishwa kuwa. Semboja pekee ndiye aliyekuwa akitazama bakuli.

“Endelea,” alisema.

Daktari akasukuma. Kwenye kioo kisu hakikusogea. Akasukuma tena kidogo, kwa ustadi, kama mtu aliyekuta ngozi ngumu. Kisu hakikusogea. Bakulini kilikuwa kimekwisha kuzama.

“Angalia mkono wako, daktari.”

Yordani akashusha macho. Kisu kilikuwa kimezama ndani ya jicho la mbuzi, na kwenye kioo pembeni yake jicho lilelile zima, halijaguswa na dhara. Rehani aligeukia ukuta.

“Nilidhani jicho ni gumu,” alisema daktari kwa sauti ndogo. “Wazee wengine macho yao ni magumu. Nikasukuma. Halafu picha ikaruka ghafla, nikaona damu. Nikadhani ilizimwa ikawashwa.”

“Nakuamini. Hapo ulikosea. Lakini kwenye plasta hukukosea.”

Daktari hakuuliza plasta gani. Aliweka kisu kwenye trei.

“Jumatatu walikuja wageni kutoka Dar,” alisema. “Watu wa gazeti na mpiga picha. Mashine ya namna hii, halafu imebandikwa plasta kama ndoo iliyotoboka. Nikazibandua, nikafuta kwa spiriti.”

“Na Jumanne, ulipomtia yule binti hatiani, ulizikumbuka?”

Kwaya ya ibada ya pili ilikuwa ikiimba kanisani ng’ambo ya barabara, na walisikiliza ubeti mzima.

“Nilizikumbuka jioni yake,” alisema Daktari Yordani. “Nilikuwa nimeshasaini maelezo.”

“Afisa,” alisema Semboja, “tafuta karatasi. Daktari anaandika mengine.”

* * *

Semboja alikwenda mahabusu mwenyewe, ufunguo mkononi, na lazima isemwe kwamba alikuwa na furaha. Mkuu wa upelelezi alinung’unika kwenye simu, akakubali. Kizimbani Rukaya hatapanda. Hakuna jambo linalomfurahisha mpelelezi kama kufungua mlango badala ya kuufunga, na ni mara chache anaipata nafasi hiyo.

Alimketisha, akamweleza yote: Segera, theluji, jicho la mbuzi, plasta. Alichora hata zile pembe sita hewani kwa kidole. “Hukuzima mashine,” alimalizia. “Ulitaka kuongeza mwanga, kama ulivyosema tangu mwanzo. Uko huru, mwanangu. Chukua vitu vyako.”

Rukaya hakunyanyuka.

“Kwa hiyo nilipobonyeza,” alisema, “picha ilisimama.”

“Ndiyo.”

“Na daktari akasukuma kwa sababu hauoni mkono wake.”

“Ndiyo.”

“Siku zote hizi nilikuwa nasema sikufanya kitu.” Alikuwa akikitazama kidole chake cha shahada. “Nilikuwa na hakika. Hiyo ndiyo iliyonilaza usingizi humu ndani. Kumbe ni mimi.”

Semboja akaona aibu kwa furaha aliyoingia nayo, akaketi kwenye benchi pembeni yake, mlango ukiwa wazi mbele yao.

“Mimi mwenyewe nililiita jua,” alisema. “Siku ya kwanza. Nililichora na kujisifu.”

“Lakini wewe hukubonyeza, afande.” Alilia hapo, bila kelele, kwa muda. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge. “Bibi ameambiwa?”

“Bado. Kesho nitakwenda.”

“Niache niende mimi. Nilimshika mkono, anaijua sauti yangu. Asije akaambiwa na polisi.”

“Mwanawe ana hasira.”

“Anayo haki.”

Akasimama, akavaa viatu alivyorudishiwa kaunta, akachukua kifurushi chake cha nguo. Mlangoni alisimama na kugeuka.

“Yule fundi aliyechora vile vitufe bado yupo Korogwe?”

“Yupo gesti, kando ya stendi. Anasema anataka kuanza upya kibao chote.”

“Mwambie asianze,” alisema Rukaya. “Anisubiri nitoke Handeni. Kabla hajachora kingine, aje aniulize mimi naona nini.”

Semboja akatoka nje kumwamsha Afisa garini, akamwambia aweke mafuta, kesho wanarudi Handeni kwa watu wake, pamoja na Rukaya.